Kasri la Vioo la Bhuj Lisiitwe Ulaya Ndogo

Anayeingia Darbargadh, ngome ya wafalme katikati ya mji wa Bhuj, magharibi kabisa ya India, hukuta makasri mawili yanapakana. Karibu kila mgeni huinua simu yake kuelekea lile refu. Prag Mahal lina mnara wa saa wenye urefu wa mita 45, matao yaliyochongoka, nguzo zenye vichwa vya majani ya kuchongwa, na ukumbi wa baraza ambao watengeneza filamu wa India wameupenda kwa miaka mingi. Ubavuni mwake limekaa Aina Mahal, yaani kasri la vioo, jengo jeupe, fupi, lililopoteza sehemu yake ya juu katika tetemeko la ardhi la mwaka 2001. Mtu mwenye haraka atadhani ni nyumba ya watumishi wa lile kubwa.

Nataka kulitetea lile fupi. Katika makasri ya India ninayoyafahamu, sioni jingine lililofanya kazi ngumu kama hii bila kujionyesha, wala lililoelezwa vibaya kiasi hiki. Maelezo ya watalii hulitaja kama kipande cha Ulaya kilichodondoka jangwani: vioo vya Venice, vigae vya Kiholanzi, saa, basi. Maelezo hayo yanampa sifa asiyestahili na kumnyima mwenye kazi yake. Tena yanatupotosha tunapofika kwenye swali gumu zaidi, la namna ya kulikarabati.

Tuanze na nchi yenyewe. Kachi, kama wazee wa pwani yetu walivyoizoea Kutch, imefungwa upande wa kaskazini na Rann, uwanda wa chumvi ambao msimu wa mvua hugeuka maji ya kina kifupi na kiangazi huwa mweupe hadi upeo wa macho. Mvua yake kwa wastani haifiki milimita 400 kwa mwaka, na ukame si jambo la ajabu. Nchi ya namna hiyo hailishi ufalme kwa mtama peke yake. Ukoo wa Jadeja, uliotawala kutoka Bhuj tangu karne ya 16, uliishi kwa bahari. Mandvi, bandari iliyo kama kilomita 60 kusini mwa Bhuj, ilijenga vyombo vyake yenyewe na kuvituma Sindh, Malabar, Muscat na pwani ya Afrika Mashariki. Kotia tulizozizoea Lamu, Mombasa na Unguja, zikija na kaskazi zimesheheni nguo, nyingi zilitoka upande huo. Kwa hiyo mfalme wa Kachi alikuwa mtu wa bara aliyekula kwa mkono wa mabaharia, na hilo ndilo linaloeleza kwa nini kasri lake la ajabu lilibuniwa na baharia.

Huyo baharia ni Ramsingh Malam, mzaliwa wa upande wa Okha, ng'ambo ya ghuba. Simulizi la Kachi linasema chombo chake kilivunjika baharini, akaokolewa na merikebu ya Waholanzi, akachukuliwa hadi Uholanzi na kukaa huko miaka ipatayo 18. Alijifunza kupuliza kioo, kuchoma vigae, kutia rangi ya enameli juu ya madini, kutengeneza saa na kusubu mizinga. Aliporudi, alibisha hodi kwa watawala wa karibu na kwao, wasione faida ya mtu huyo. Aliyeiona ni Rao, yaani mfalme, Lakhpatji wa Kachi.

Lakhpatji hakuwa malaika. Mwaka 1741 alimweka kizuizini baba yake mwenyewe, Rao Deshalji, akashika madaraka yote. Alitumia fedha bila kujizuia. Lakini alikuwa na jambo moja adimu kwa mtawala wa zama zozote: aliheshimu ujuzi. Mwaka 1749 alianzisha Bhuj shule ya kufundisha ushairi kwa lugha ya Braj, na washairi walitoka mbali kuja kusoma hapo. Mtu aliyeamini kwamba ushairi unafundishika darasani hakushindwa kuamini kwamba na kioo kinafundishika karakanani. Badala ya kumtuma Ramsingh arudi Uholanzi kununua vitu, alimpa nafasi aanzishe viwanda: cha kioo karibu na Mandvi, cha vigae, na cha kusubu chuma. Alimpa vijana wa Kachi awafundishe. Hapo ndipo ninapoona mwanzo halisi wa Aina Mahal. Jengo lilikuja baadaye, karibu na mwaka 1750, wakati mafundi wa kulijenga walikuwa wameshapatikana.

Sasa tuingie ndani.

Nje, kuta ni nene na zina madirisha ya kimia. Hakuna kitu kinachomwonya mgeni. Chumba kinachoitwa Hira Mahal, yaani kasri la almasi, kimo katikati ya jengo na kimezungukwa na ushoroba, kwa hiyo jua halikifikii moja kwa moja. Mpangilio huu una sababu. Kiangazi cha Bhuj hupita nyuzi 40 bila shida, upepo wake hubeba vumbi la chumvi, na mwenye akili hujenga chumba chake cha ndani mbali na ukuta wa nje. Ushoroba hupokea joto, ukuta wa ndani hubaki umepoa. Gharama ya ubaridi huo ni giza. Majumba mengi ya nchi kavu za India yameikubali gharama hiyo, na watu wake hukaa gizani mchana kutwa wakisubiri magharibi.

Ramsingh hakuikubali. Alizifunika kuta za marumaru nyeupe kwa vioo, akatenganisha kioo na kioo kwa mapambo yaliyopakwa dhahabu, kisha akaning'iniza taa za mishumaa zenye vikombe vya kioo cha Venice. Nuru ya mshumaa ni dhaifu, lakini ikigonga kioo cha ukuta mmoja hurudi kwa ukuta wa pili, na ule hurudisha tena. Marumaru nyeupe hushika kilichobaki na kukisambaza. Dhahabu hukitia joto ili chumba kisiwe na weupe wa baridi. Kila kitu kinachoonekana kuwa pambo kina kazi. Ukiondoa mapambo ya dhahabu, vioo vitaumiza macho. Ukiondoa marumaru, kutakuwa na mabaka ya giza kati ya kioo na kioo. Siku hizi tunazungumza juu ya majengo yanayotumia nishati kidogo kama jambo lililozaliwa jana, na hapa kuna chumba cha karne ya 18 kilichotatua tatizo la giza bila kufungua dirisha hata moja kwa jua.

Chumba cha pili ndicho kinachonigusa zaidi. Fuvara Mahal, kasri la chemchemi, lina jukwaa la mraba katikati, na kuzunguka jukwaa kuna beseni la maji. Rao alikaa pale juu, amezungukwa na maji pande zote, akiwasikiliza washairi na waimbaji na kuwatazama wachezaji. Maji yalipandishwa kwa pampu aliyoibuni Ramsingh. Sakafu imetandikwa vigae vya bluu na nyeupe vya mtindo wa Delft, mji wa Uholanzi, ambavyo Ramsingh aliwafundisha watu wa Kachi kuvichoma wenyewe.

Maji hayo yalikuwa kiyoyozi. Katika hewa kavu, maji yakirushwa juu huvukizwa upesi, na yakivukizwa huchukua joto la hewa iliyo karibu. Kadiri hewa inavyokuwa kavu, ndivyo ubaridi unavyozidi. Msomaji wa Mombasa au Unguja asijaribu hili nyumbani kwake: sisi hewa yetu imeshashiba maji, chemchemi ndani ya nyumba ingetuongezea jasho tu. Ndiyo maana nyumba za pwani zinatafuta upepo, zinajengwa na roshani, na jengo kubwa kuliko yote Mji Mkongwe, Beit al-Ajaib, lilizungushiwa veranda pana pande zote. Bhuj iko mbali kidogo na bahari na hewa yake ni kavu miezi mingi. Mjenzi wa Fuvara Mahal alijua anajenga wapi. Uholanzi, nchi ya mvua na baridi, hakuna aliyewahi kuhitaji kukaa katikati ya beseni ili apoe. Kigae kilitoka huko, lakini chumba hakikutoka huko.

Na hapa ndipo hoja ya "Ulaya ndogo" inapoanguka kabisa. Chumba cha vioo si wazo la Ulaya lililoletwa India na Ramsingh. Zaidi ya miaka 100 kabla yake, katika enzi ya Shah Jahan, mfalme wa Kimughal, ngome ya Lahore ilikuwa na chumba chake cha vioo, na Amber, karibu na Jaipur, kuna kingine kinachojulikana dunia nzima. Lakini mafundi wa Lahore na Amber walitumia vipande vidogo, vingi vikiwa na mgongo kidogo, wakavipachika katika plasta moja baada ya kingine kama nyota. Mwali mmoja wa taa huzaa cheche elfu, lakini hakuna cheche inayoonyesha uso wa mtu. Ramsingh alileta kioo kipana na bapa, kinachorudisha chumba kizima, na akakitia ndani ya wazo ambalo Wahindi walikuwa nalo tayari. Vivyo hivyo maji: mfereji wa maji uliopita ndani ya kasri la Delhi ulikuwepo tangu karne ya 17. Rao aliyekaa Fuvara Mahal hakuwa anaiga mfalme wa Ufaransa. Alikuwa anafanya walichofanya watawala wa Delhi, kwa ufundi mpya na mahali padogo.

Naona tofauti hii ni muhimu sana. Kuna kuchukua ufundi wa ugenini ili kutimiza haja yako, na kuna kuchukua haja ya ugenini na kuifanya yako. Aina Mahal ni mfano bora kabisa wa la kwanza.

Prag Mahal lipo karibu zaidi na la pili. Rao Pragmalji II aliliagiza mwaka 1865, akafariki kabla halijaisha, likakamilika mwaka 1879. Mchoraji wa ramani alikuwa Kanali Henry Saint Clair Wilkins, mhandisi wa jeshi la Waingereza, mtu aliyechora pia majengo makubwa ya serikali ya kikoloni mjini Bombay. Ukisimama chini ya mnara wa Bhuj ukiwa umewahi kutembea katika Bombay ya zamani, utajua mara moja uko mbele ya mkono uleule. Marumaru ilitoka Italia, mawe ya mchanga yalitoka Rajasthan, mtindo ni wa Kigothi wa Kiitalia. Ni jengo zuri. Kimia chake cha mawe, chenye mimea na wanyama waliochongwa kwa subira kubwa, kinastahili saa nzima ya kutazamwa. Na waashi wa Kachi wanaoitwa Mistri, waliolijenga pamoja na mafundi wa Kiitalia, hawakuwa vibarua wa kubeba zege. Mikono yao inaonekana kila kona.

Lakini jiulize linatatua tatizo gani la Bhuj. Ukumbi wake mrefu unaonyesha ukubwa, mnara wake unaonyesha saa kwa watu ambao siku yao ilipangwa na jua na adhana na kengele za mahekalu. Lilijengwa ili Waingereza waliokuja kumtembelea Rao waone kwamba naye ni mfalme wa kisasa. Hilo lilikuwa hitaji la kweli la kisiasa, sikatai. Mtawala mdogo chini ya himaya kubwa hulinda kiti chake kwa njia alizonazo. Ila baada ya kanali kuondoka na ramani zake, hakikubaki Bhuj kiwanda chochote kipya. Baada ya Ramsingh, vilibaki viwanda, na ufundi wa enameli na fedha wa Bhuj uliendelea kupata sifa hadi karne ya 19, vyombo vyake vya fedha vikinunuliwa na watu wa Ulaya.

Sisi wa pwani tuna sababu ya kulitazama jambo hili kwa makini, kwa kuwa fedha ya Kachi na fedha ya Unguja zilipita mikono ileile. Jairam Shivji, ambaye familia yake ilitoka Mundra, bandari nyingine ya Kachi, alikodi forodha ya Unguja enzi ya Seyyid Said, na kwa miaka mingi hakuna pembe ya ndovu iliyotoka Mrima bila kupita katika vitabu vyake. Tharia Topan alitoka Lakhpat, mji wa mpakani mwa Rann, akaja kuwa tajiri mkubwa wa Unguja. Hospitali aliyoijenga, ile ya roshani za mbao zilizonakshiwa mbele ya bandari, jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887, na mpaka leo ni jengo lenye mkono wa mafundi wa India kuliko mengi Mji Mkongwe. Ndani ya Aina Mahal umehifadhiwa mlango uliopambwa kwa pembe za ndovu. Sitadai kujua tembo wake alianguka pori gani. Lakini pembe za Afrika Mashariki zilikuwa zikienda pwani ya magharibi ya India kwa karne nyingi, na mtu wa Tabora au Kilwa anayesimama mbele ya kazi kama hiyo hana sababu ya kujiona mgeni.

Pembe hazikutembea peke yake. Zilibebwa mabegani, na biashara ya pembe na biashara ya watu zilikwenda njia moja. Wafanyabiashara wa Kachi walioko Unguja walikopesha misafara, na baadhi yao walimiliki watumwa. Katika miaka ileile Prag Mahal lilipokuwa likijengwa, Rao Pragmalji alitoa matangazo kwa raia wake wa Unguja, kwa shinikizo la Waingereza, kuhusu suala hilo. Uzuri wa makasri ya Bhuj haufuti hilo, na maonyesho yake yangekuwa ya kweli zaidi kama yangelieleza wazi. Mgeni anapooneshwa kitanda cha mfalme na panga zake, aoneshwe pia ramani ya bandari zilizolipia.

Tarehe 26 Januari 2001, Siku ya Jamhuri ya India, asubuhi, ardhi ya Kachi ilitikisika kwa kipimo cha 7.7. Watu wasiopungua 13,000 walikufa katika jimbo la Gujarat. Bhuj ya ndani ya kuta iligeuka kifusi. Prag Mahal lilipasuka, Aina Mahal lilipoteza sehemu za juu, na makazi ya kina mama wa kifalme ndani ya Darbargadh yaliharibika vibaya. Miaka mitano baadaye, 2006, wezi waliingia Prag Mahal lililokuwa bado na majeraha na kuiba vitu vya kale.

Huko nje ya mji, kaskazini, upande wa Banni, zilisimama nyumba ambazo hakuna mgeni aliyekuwa akizipiga picha kwa wingi wakati huo. Zinaitwa bhunga: nyumba za mviringo za udongo, zenye paa la nyasi la umbo la pia. Nyingi zilistahimili tetemeko hilohilo. Sababu yake haihitaji muujiza. Ukuta wa mviringo hauna kona, na kona ndiyo mahali nguvu ya mtikisiko hujikusanya na kuupasua ukuta; paa la nyasi ni jepesi, haliburuti kuta likitikisika. Jengo zito la mawe, lenye ghorofa, kona nyingi na chokaa iliyochoka, hufanya kinyume cha yote hayo.

Ingia ndani ya bhunga utazame kuta. Wanawake wa jamii za huko hufinyanga nakshi kwa udongo uliochanganywa na samadi, wakachora mistari iliyovimba, tausi, ngamia, miti, kisha wakapachika vipande vidogo vya kioo katikati ya udongo ukiwa bado mbichi. Udongo ukikauka huvishika. Kazi hiyo wanaiita lippan. Vioo hivyo, kwa desturi ya Gujarat, hutengenezwa kwa kupuliza tufe kubwa la kioo, kulipaka ndani madini yanayong'aa, kulivunja, kisha kukata vipande vyake viwe vya duara. Kwa kuwa vimetoka kwenye tufe, vina mgongo, na kila kimoja hushika nuru kutoka upande wake. Jioni, taa ndogo ikiwashwa, ukuta mzima wa udongo huamka.

Sasa linganisha na Hira Mahal. Tatizo ni lilelile: nchi ya jua kali, nyumba yenye matundu machache ili joto na vumbi visiingie, giza ndani, taa ndogo. Jawabu ni lilelile: kioo juu ya sehemu nyeupe. Mfalme alilitekeleza kwa marumaru na dhahabu, mama wa Banni analitekeleza kwa udongo na samadi. Sidai kwamba mmoja alimwiga mwingine. Nadai kwamba Aina Mahal ni jengo la Kachi kwa asili yake, na ushahidi umo katika vijiji vinavyolizunguka. Anayetaka kulielewa asiende Delft, aende Banni.

Hilo linabadilisha kabisa namna ya kulikarabati. Baada ya 2001 fedha zilimwagika Kachi, na si haba zilitoka kwetu. Wapatel wa Kachi, ambao mababu zao walikuja Kenya kama waashi na wajenzi na ambao hadi leo wana nafasi kubwa katika ujenzi wa Nairobi na Mombasa, walichangia sana kuinua tena vijiji vyao karibu na Bhuj. Lakini fedha ya ukarabati ina tabia ya kupenda kinachoonekana. Mnara wa Prag Mahal ulitengenezwa, saa ikarudishwa, na hilo ni jema. Aina Mahal limebaki na makumbusho katika vyumba vilivyosalimika, likiishi kwa uangalizi wa watu wachache wanaolipenda, na sehemu iliyoanguka imeacha jengo likiwa na sura isiyo yake.

Wapo wanaotamani lijengwe upya haraka, juu mpaka chini, kwa nguzo za zege na nondo, kisha lipakwe chokaa lifanane na picha za zamani. Napinga. Zege ngumu likifungwa kwenye ukuta wa mawe uliounganishwa kwa chokaa laini, vitu hivyo viwili havitikisiki kwa mwendo mmoja, na tetemeko lijalo, nalo litakuja kwa kuwa Kachi ilipigwa vibaya mwaka 1819 pia, litaanza kuvunja hapo hapo vinapokutana. Pia saruji huzuia unyevu ndani ya ukuta, chumvi ya Kachi inajikusanya nyuma yake, na plasta hubanduka pamoja na uso wa jiwe. Mafundi wa Mji Mkongwe wanalijua tatizo hili kwa macho yao. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zilizopigwa plasta ya saruji zimeoza ndani zikionekana nzima nje. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib iliporomoka wakati wa ukarabati na watu wawili wakafa. Sababu za kuanguka jengo kama lile huwa nyingi, na si nia yangu kuzihukumu hapa. Ninachosema ni kwamba jengo la namna hii haliwezi kukabidhiwa kwa mtu ambaye hajawahi kuchoma chokaa.

Na Bhuj ina watu wa kukabidhiwa. Hunnarshala, taasisi iliyozaliwa mjini humo baada ya tetemeko, imefanya kazi kwa miaka na mafundi wa udongo, mbao na mawe wa Kachi, na shule yake ya ufundi, Karigarshala, inawafundisha uashi na useremala vijana walioacha masomo. Ningependa kuona ukarabati wa Aina Mahal unaanzia kwa vijana hao, na bajeti yake inapimwa kwa idadi ya mafundi watakaohitimu ndani yake kabla ya kupimwa kwa mita za ukuta. Waanze na Fuvara Mahal. Vigae vilivyopasuka visibadilishwe kwa vya kununua Morbi, mji wa Gujarat unaochoma vigae vya kiwandani kwa wingi usiohesabika. Litengwe tanuri ndani ya Kachi, waitwe wafinyanzi, wajaribu udongo na rangi ya bluu mpaka wapate inayofanana, hata kama itachukua miaka mitatu ya vigae vya kutupwa. Lakhpatji alimpa Ramsingh muda huo. Baada ya hapo wafanye pampu, na maji yarudi kuzunguka jukwaa, ili mwanafunzi wa usanifu kutoka Ahmedabad, au kutoka Dar es Salaam, aweke kipimajoto pale katikati mwezi wa Mei na aandike mwenyewe tofauti anayoiona.